Dozi, Kipimo na Ganzi: Mionzi katika Tiba ya Maumivu ya Neva ya Uso

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi madaktari wanavyoamua kiasi cha mionzi kinachostahili kuelekezwa kwenye neva ya uso inayouma. Huenda msomaji akashangaa mada kama hii inatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu limo katika neno moja tulilolizoea mno hata hatulitilii shaka: dozi. Katika matumizi yetu ya kila siku, dozi ni dawa inayomezwa kwa siku 5 au 7, na mgonjwa huhimizwa aimalize. Anayeambiwa kwamba atapewa dozi ya mionzi ya grei 80 ana haki ya kudhani kwamba atagawiwa kidogo kidogo, na kwamba akizidiwa ataikatiza. Sivyo hata kidogo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kichwa cha binadamu kina jozi 12 za neva, na ya tano, iitwayo trijemina, ndiyo inayoupa uso hisia kupitia matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Neva hii ikiugua, mgonjwa hupigwa na maumivu makali mithili ya mshtuko wa umeme. Hudumu sekunde chache tu, lakini huweza kuchochewa na jambo dogo kama kupiga mswaki, kunyoa ndevu au kupunga kwa upepo. Aghalabu chanzo chake ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva karibu na shina la ubongo. Hapa lugha yetu inatutega, kwa kuwa wengi huiita neva "mshipa wa fahamu". Tukifuata mazoea hayo tutasema kwamba mshipa umeubana mshipa, na msikilizaji hatajua ni upi mkosaji. Kwa hiyo katika makala haya "mshipa" ni wa damu tu.

Tiba ya kwanza ni dawa, hasa karbamazepini. Dawa ikishindwa, daktari anaweza kupasua fuvu na kuutenga mshipa na neva. Kwa wazee na wengine wasiomudu upasuaji huo, ipo njia ya mionzi. Lars Leksell, daktari wa Uswidi, ndiye aliyebuni dhana ya upasuaji wa mionzi mnamo 1951, na mwaka 1953 aliwatibu kwa eksirei wagonjwa wawili wa maradhi haya. Mwaka 1968 kifaa cha kwanza cha Gamma Knife kilianza kutumika Stockholm.

Jina hilo lina maana ya kisu, ila kisu chenyewe hakipo. Kilichopo ni vyanzo vingi vya kobalti-60 (192 katika mitambo iliyotengenezwa tangu 2006), kila kimoja kikitoa mwale dhaifu usioweza kuudhuru ubongo unaoupitia. Miale yote hukutana katika nukta moja, na hapo ndipo nguvu zake hujumlishwa.

Grei 1 ni nishati ya jouli 1 iliyofyonzwa na kilo 1 ya tishu. Katika tiba ya kawaida ya saratani mgonjwa hupewa takriban grei 2 kwa siku kwa muda wa wiki kadhaa, ili tishu nzima zipate nafasi ya kujirekebisha. Katika neva ya uso, grei 80 au zaidi hutolewa kwa kikao kimoja. Hata hivyo, 80 ni kiwango cha kitovuni pekee. Milimita chache kutoka hapo kiwango huwa kimeshuka hadi nusu, na kinaendelea kuporomoka, hivi kwamba shina la ubongo lililo jirani hupata sehemu ndogo tu. Isitoshe, kiasi hiki si muda. Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi, kwa hiyo mgonjwa wa mwaka huu na wa miaka mitano ijayo wanaweza kupokea grei zile zile, mmoja akilala mtamboni karibu mara mbili ya mwenzake.

Kwa nini basi 80, si 50 wala 120? Mwaka 1996 Douglas Kondziolka na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 kutoka vituo vitano, waliopewa kati ya grei 60 na 90. Waliopata 70 au zaidi walipona kabisa maumivu kwa asilimia 72. Waliopungukiwa na hapo, asilimia 9 tu. Mtu angedhani kwamba kuongeza ni heri. Lakini mwaka 2001 Bruce Pollock na wenzake waliwalinganisha waliopewa 70 na waliopewa 90, wakakuta kwamba neva ilipata hitilafu ya kudumu kwa asilimia 15 ya wale wa kwanza na asilimia 54 ya wale wa pili. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine, wa John Flickinger na wenzake, ulionyesha kuwa kurefusha kipande cha neva kinachopigwa mionzi hakuongezi nafuu, bali huongeza madhara. Ndiyo sababu vituo vingi hubaki kati ya 70 na 90.

Hitilafu inayozungumziwa ni ganzi, na hili nalo ni neno la kuchunguzwa. Ganzi tuijuayo ni ya mguu uliokaliwa vibaya au ya sindano ya daktari wa meno. Huondoka baada ya muda. Hii huweza kubaki maisha. Ikifika kwenye jicho, mavumbi huingia bila mwenyewe kuhisi, na kidonda hutangulia maumivu. Zaidi ya hayo, nafuu haiji siku ile ile. Huchukua wiki au miezi, na kwa baadhi maumivu hurejea baada ya miaka.

Mimi ningependekeza fomu ya ridhaa itumie "kipimo cha juu kitovuni" mahali pa "dozi", na "ganzi isiyoondoka" mahali pa "ganzi". Maneno yanarefuka kidogo, naam, lakini mgonjwa huitia sahihi fomu hiyo mara moja, na mionzi ikishaingia haitolewi.