Kuvu ya Lupiro na dawa za majarubani

Msimu wa mpunga ukishika kasi Lipangalala, Ifakara, mabomba ya mgongoni hutolewa ndani na kila mkulima huwa na dawa yake ya wadudu anayoiamini. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya pairethroidi, jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua tunavyolalia. Mbu huzaliana kwenye maji ya majaruba hayohayo. Viluwiluwi vinavyohimili sumu ndivyo vinavyobaki kuendeleza kizazi. Mwaka 2020, utafiti kuhusu matumizi ya viuatilifu Kilombero na Ulanga ulihimiza kilimo na afya vishughulikie usugu huu kwa pamoja.

Njia nyingine ya kupambana na mbu imewahi kujaribiwa katika bonde hili la Kilombero. Ng'ambo ya Mto Kilombero, kijijini Lupiro, watafiti walitundika ndani ya nyumba vitambaa vyeusi vya pamba vilivyopakwa mbegu za kuvu iitwayo Metarhizium anisopliae. Mbu akitua, mbegu humnata, huchipua, hutoboa ganda lake na kumla kwa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Science: asilimia 23 ya mbu waliokamatwa humo walikuwa wameambukizwa kuvu hiyo. Kwa hesabu za watafiti, mtu aliyekuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 262 kwa mwaka angeumwa mara 64.

Kuvu huua kwa siku kadhaa, na mkulima aliyezoea kuona wadudu wakianguka papo hapo ataiona dhaifu. Kwa malaria, hapo ndipo penye faida. Kimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu. Mbu akifa kabla ya hapo, inatosha. Na kwa kuwa huenda ameshataga, usugu unatarajiwa kuenea polepole kuliko wa kemikali.

Mashambani nako, mwaka 2009 kuvu ya jamii hiyo ilinyunyiziwa nzige wekundu Katavi, Rukwa na Malagarasi, kwenye eneo la zaidi ya hekta 10,000. Na dawa hai tayari hutengenezwa nchini: Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya bakteria ya kuua viluwiluwi vya mbu.

Kikwazo ni kwamba mbegu za kuvu zina uhai. Jua na joto huziua, na maduka ya pembejeo ya Ifakara yameezekwa bati. Ningependa jaribio lijalo lianzie hapo: kuvu iwekwe kwenye rafu ya duka, bwana shamba na mtaalamu wa mbu waipime pamoja kila wiki, kisha waipeleke majarubani na vyumbani kwa msimu uleule.