Anza na Ndoana: Kuchagua Mshipi na Lida kwa Inzi Anayeelea

Likizo iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu hadi Mto Gura, kwenye maji baridi yanayoteremka kutoka Milima ya Aberdare. Yeye huongoza wageni wanaokuja kuvua trauti. Mimi humbebea mizigo, na wageni wakipumzika najaribu bahati yangu. Siku hiyo nilikuwa nimefunga nailoni nyembamba kuliko zote zilizokuwa mkobani, nikiamini kwamba uzi ukiwa mwembamba mno samaki hauoni. Trauti akameza. Kwa hofu ya kukata uzi nikamvuta taratibu mno, hata mkono ukachoka. Nilipomfikisha ukingoni na kumwachia, aligeuka tumbo juu akachukuliwa na maji. Mjomba alimtazama, kisha akaniambia, "Huyo hakuuawa na ndoana, mwanangu. Ameuawa na uzi wako."

Maneno hayo yalinifanya nijifunze upya kuchagua vifaa. Nawaandikia ndugu zangu mnaotoka kando ya mito hii, na yeyote anayetamani kuanza.

Kwa nini uzi una uzito wa neno

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Wa kwanza waliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905, wakapandwa katika Mto Gura huo huo. Samaki huyu hupenda maji safi na baridi, na mara nyingi hula wadudu wanaoelea juu ya maji. Ndiyo maana mvuvi hutengeneza mdudu wa manyoya na nyuzi juu ya ndoana ndogo. Akitengenezwa ili aelee, huitwa inzi mkavu.

Shida ni kwamba inzi huyo hana uzito wowote wa maana. Huwezi kumrusha kama unavyorusha chambo chenye risasi. Unachorusha hasa ni mshipi wenyewe, ule mzito uliopakwa plastiki. Kati ya mshipi na inzi hukaa kipande cha nailoni kiitwacho lida. Nguvu hutoka mkononi, hupita kwenye fimbo, mshipi na lida, hadi kwa inzi. Ikifika nyingi mno, inzi hupiga maji kwa kishindo na samaki hukimbia. Ikiisha njiani, lida huanguka kama rundo la uzi. Kwa hiyo kila sehemu inapaswa kuwa nyembamba kidogo kuliko iliyotangulia, ili nguvu ipungue hatua kwa hatua. Ulaini unaousifu kwa mvuvi hodari hautoki mkononi mwake peke yake.

Darasani tunafundishwa kwamba lengo hutangulia katika nia, ingawa hufikiwa mwisho katika utendaji. Hapa ni vivyo hivyo. Wengi huanza na fimbo, kisha mshipi, na nailoni huwa yoyote iliyobaki dukani. Anza na inzi, urudi nyuma.

Ncha ya lida

Ncha ndiyo sehemu nyembamba inayofungwa kwenye ndoana. Unene wake huandikwa kwa namba na herufi X, na namba ikipanda, uzi hupungua unene. Toa namba hiyo katika 11, utapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. Hivyo 5X ni sehemu 6 za elfu, yaani karibu milimita 0.15. 4X ni karibu 0.18, na 6X ni karibu 0.13.

Ndoana nazo hupungua ukubwa kadiri namba inavyopanda. Gawanya namba ya ndoana kwa 3, utapata X inayofaa: ndoana namba 12 kwa 4X, namba 16 kwa 5X, namba 18 kwa 6X. Ncha nene mno humfanya inzi asogee kama mti mkavu. Ncha nyembamba mno hujisokota, hukatika na kumwachia samaki ndoana mdomoni, au hukulazimisha kumchosha hadi afe. Mimi nilikuwa na 7X kwenye ndoana namba 14. Sikuwa mstadi, nilikuwa mkaidi.

Chagua nailoni ya kawaida. Florokaboni inasifiwa sana, lakini ni nzito zaidi na huzama, hivyo humvuta chini inzi anayepaswa kuelea.

Lida yenyewe

Nunua lida inayopungua unene kutoka upande wa mshipi hadi nchani. Ya mita 2.7 inatosha mahali pengi. Kwenye maji tulivu na maangavu, refusha hadi mita 3.6, ili mshipi utue mbali na samaki. Lakini vijito vyetu vingi ni vyembamba na vimefunikwa na matawi. Huko lida ndefu haipati nafasi ya kunyooka. Mita 2.3 itakutumikia vizuri zaidi, hata kama vitabu vinasifu ndefu.

Kumbuka kwamba kila unapobadilisha inzi unakata kidogo ncha. Baada ya mara kadhaa unakuwa umefika kwenye sehemu nene bila kujua, na inzi anaanza kutua kwa kishindo. Unga ncha mpya ya sentimita 60, na ulowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana joto la msuguano hudhoofisha nailoni.

Mshipi

Mshipi hupimwa kwa uzito wa mita 9 za mwanzo. Namba 3 ni karibu gramu 6.5, namba 4 ni 7.8, na namba 5 ni 9.1. Kwa inzi mkavu kwenye vijito, namba 3 au 4 hutua kwa upole. Kwenye mto mpana au wenye upepo, chukua 5. Namba ya mshipi iendane na ile iliyoandikwa kwenye fimbo.

Kwenye boksi tafuta herufi F mwishoni, maana yake mshipi unaelea. Herufi WF mwanzoni humaanisha uzito umekusanywa mbele, na mshipi wa namna hiyo hufika mbali kwa urahisi. DT humaanisha mshipi mwembamba ncha zote mbili. Kwa masafa mafupi DT hutua vizuri, tena upande mmoja ukichakaa unageuza na kutumia wa pili. Kwa mwenye fedha kidogo, hiyo ni mishipi miwili kwa bei ya mmoja.

Kabla ya kurusha

Hakikisha una leseni. Nyoosha lida kwa kuivuta polepole kati ya vidole, iache mikunjo. Futa mshipi kwa kitambaa, kwa kuwa mshipi mchafu huzama. Nailoni iliyokaa juani muda mrefu, itupe nyumbani, usiitupe mtoni.

Siku mbili baadaye tulirudi Gura. Nilifunga 5X, ndoana namba 16, kwenye lida fupi. Trauti aliyepanda alikuwa mdogo. Nilimvuta bila kumchelewesha, nikamshika kwa mikono iliyolowa, nikamwachia akiwa bado majini. Alisimama kidogo dhidi ya mkondo, kisha akazama kwenye kivuli cha jiwe. Mjomba hakusema kitu. Alinipa fimbo yake niibebe, tukapanda mlima.