Gereji Hupoa Kuanzia Paani

Gereji nyingi za nyumbani katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki hujengwa mwisho, fedha zikiwa zimeshapungua. Nyumba ikikamilika, pembeni hupandishwa kuta tatu za matofali ya saruji, juu huwekwa kenchi nyepesi na mabati, mbele hufungwa mlango wa chuma, na kazi huhesabiwa imekwisha. Dari hakuna, dirisha hakuna, na mara nyingi hata tundu la hewa hakuna. Kisha chumba hicho hutwishwa kazi nyingi kuliko kulaza gari: humo huwekwa betri na inveta ya umeme wa jua, ndoo za rangi na friza la biashara, na si ajabu kumkuta mtu akishona au akirekebisha vifaa humo mchana kutwa. Mwezi Februari, hewa ya Dar es Salaam au Mombasa inapofika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, ndani ya chumba kama hicho hakukaliki. Mwenye nyumba hununua feni. Feni ikishindwa, huanza kuulizia bei ya kiyoyozi. Hoja ya makala haya ni kwamba ameanzia mwisho. Sehemu kubwa ya joto la gereji ni jua lililopita kwenye bati, na jua huzuiwa paani kabla halijageuka kuwa joto la chumba. Kuzuia kutangulie, kutoa hewa ya moto kufuate, na mashine ije baada ya hayo, tena pale inapohitajika kweli.

Ushahidi wa kwanza ni mahali tulipo duniani. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, Zanzibar nyuzi 6, Dar es Salaam karibu 7. Katika miji hiyo yote jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine halikai mbali sana na utosi. Saa sita mchana siku kama hizo kuta karibu hazipigwi na jua moja kwa moja. Paa ndilo hubeba mzigo wote. Anga likiwa jeupe, kila mita ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000. Gereji ya gari moja yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3 ina paa la mita za mraba 18, yaani kilowati 18 zinashuka juu yake kwa wakati mmoja, sawa na pasi kumi na nane za umeme zilizowashwa na kupangwa juu ya mabati. Swali la kupoza gereji, kwa hiyo, huanza hapo: kati ya kilowati hizo 18, ni ngapi zitarudishwa angani na ni ngapi zitaruhusiwa kuingia?

Bati lililochakaa au lililopakwa rangi nzito, kama kijani kibichi, hudhurungi au kijivu cha mkaa, hunyonya zaidi ya robo tatu ya jua hilo, na uso wake huweza kufika nyuzi 60 hadi 70. Bati halina uwezo wa kulizuia joto hilo lisipite chini, kwa kuwa ni chuma chenye unene wa chini ya nusu milimita, na chuma hupitisha joto kwa wepesi. Wanaodhani bati la geji nzito litaleta ubaridi hulipia uimara, jambo jema, lakini joto halitapungua. Upande wa ndani wa bati hilo la moto hutoa mionzi isiyoonekana inayomfikia mtu, gari na sakafu bila kusubiri hewa ipate moto. Jaribio rahisi huthibitisha hili. Simama chini ya bati tupu saa saba mchana, kisha shika kipande cha boksi juu ya kichwa bila kukigusa. Nafuu utakayoisikia ni ya papo hapo, ingawa hewa inayokuzunguka haijabadilika hata kidogo. Kilichozuiwa ni mionzi ya paa. Feni haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu upepo hausimamishi mionzi.

Ndiyo maana rangi ya paa ni uamuzi wenye uzito kuliko watu wanavyoudhania. Rangi nyeupe ya paa ikiwa mpya hurudisha angani asilimia 70 hadi 80 ya jua, na joto dogo inalonyonya hulitoa kwa wepesi. Pale bati jeusi linapofika nyuzi 65, bati jeupe kwenye jua hilohilo hubaki nyuzi chache tu juu ya joto la hewa, karibu 40. Zinki mpya inayong'aa huonekana kama ingefanya vivyo hivyo, lakini chuma kitupu kinachong'aa ni kizito kulitoa joto lake, hivyo hupata moto zaidi ya rangi nyeupe, na mng'ao wenyewe hufifia kwa chumvi ya bahari. Kazi ya kupaka haihitaji ufundi mkubwa: bati lioshwe, kutu iondolewe kwa msasa, ipakwe rangi ya msingi inayoshika kwenye zinki, kisha rangi nyeupe ya nje mikono miwili. Chokaa tupu haifai kwenye bati. Mvua za masika huiondoa. Watakaosema paa jeupe huchafuka wako sahihi, kwani vumbi na kuvu hupunguza uwezo wake mwaka hadi mwaka. Jibu lake ni kuliosha kila mwaka kabla ya Desemba. Na wanaochelea kuwaumiza macho majirani wa ghorofani wanaweza kuchagua rangi ya maziwa: hupoteza kiasi fulani cha faida, lakini bado iko mbali sana na hudhurungi iliyokoza.

Hatua inayofuata iko chini ya bati. Karatasi ya alumini inayong'aa, ikitandazwa chini ya mbao za kenchi, hutoa chini sehemu ndogo sana ya mionzi, chini ya moja ya kumi ya ile inayotolewa na uso uliopakwa rangi. Sharti lake ni nafasi ya hewa ya sentimita mbili au zaidi kati yake na kitu kinachofuata. Ikibanwa kati ya bati na mbao bila nafasi, alumini hugeuka kipitisha joto kama bati lenyewe, na fedha imepotea. Uso unaong'aa utazame chini, kwa kuwa ukitazama juu vumbi litaufunika baada ya muda na kuuharibia kazi. Dari la jipsamu au mbao nalo husaidia, lakini wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Dari lililofungwa pande zote hushika hewa ya moto kati yake na bati, na ifikapo alasiri lenyewe huanza kushusha joto chini. Lazima nafasi hiyo ipumue, kwa matundu kwenye ukingo wa paa na njia ya kutokea karibu na kofia.

Baada ya paa ndipo zamu ya hewa inapofika. Hewa ya moto hupanda, na ikipewa mlango wa kutokea juu na wa kuingilia chini, huondoka yenyewe bila umeme. Chukua gereji yetu ya mita za mraba 18 yenye tundu la robo mita ya mraba karibu na sakafu na lingine la ukubwa huohuo mita mbili juu yake. Ndani kukiwa na nyuzi tano zaidi ya nje, hesabu huonyesha kwamba hewa yote ya chumba itabadilika mara tano au zaidi kwa saa, hata siku isiyo na upepo. Upepo ukiwepo huongeza sana, nao kwetu una mazoea: kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto kali, kusi hutoka kusini baada ya masika. Tundu la chini likae upande wa kaskazini-mashariki na la juu upande wa pili, na miezi migumu itapata msaada inapouhitaji. Pingamizi la wezi na mbu ni la haki. Tundu refu lenye kimo kidogo, lililotiwa nondo, halimpitishi mtu. Wavu wa mbu huzuia wadudu, ila hupunguza mwendo wa hewa, hivyo tundu lenye wavu liwe kubwa takriban mara mbili. Tundu la chini lina kazi nyingine ya kuokoa maisha: mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni vizito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na chumba kisicho na njia ya chini huvikusanya. Mtungi wa gesi usiwekwe kabisa katika gereji iliyofungwa.

Viko vyanzo vingine, vidogo lakini rahisi kuvidhibiti. Ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri, hulihifadhi katika saruji, kisha hulitoa ndani jioni watu wanapodhani joto limekwisha. Chokaa nyeupe, au kichaka cha pasheni kilichopandishwa kwenye waya nusu mita kutoka ukutani, huliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo. Mlango wa chuma unaotazama magharibi unastahili rangi nyeupe kama paa. Gari lenyewe huingia na injini ambayo maji yake yako karibu nyuzi 90, na joto hilo lote litaishia chumbani. Likiachwa kivulini nje nusu saa kabla ya kuingizwa, mzigo hupungua bila senti kutumika. Kuiwasha injini ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu yoyote ile, ni hatari ya kifo kwa gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi.

Sasa tuisikilize hoja nzito ya upande wa pili: kiyoyozi ni cha haraka, na teknolojia ipo itumike. Hesabu yenyewe inajibu. Bati la nyuzi 65 juu ya chumba cha nyuzi 32 hushusha karibu wati 200 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 3.6 kwa paa zima. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5. Mwenye nyumba atakuwa amenunua mashine, na kulipia umeme kila mwezi, ili kushindana na bati tu, kabla hajahesabu mlango unaovuja. Paa likiwa jeupe, mzigo huohuo hushuka hadi chini ya kilowati moja na nusu. Ukiongeza alumini, hushuka zaidi, na pengine mashine haitahitajika tena. Feni nayo ina nafasi yake, kwa mtu anayetoka jasho. Betri haitoki jasho. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa betri za asidi ni kwamba kila nyuzi 10 hivi juu ya 25 hukata maisha ya betri karibu nusu, na feni inayozungusha hewa ya nyuzi 40 haitaikinga.

Wengine wataukumbuka ubaridi wa makuti, na hawajakosea: makuti ni mazito, hayapitishi joto kwa urahisi, na hupumua. Lakini petroli, cheche za kuchomelea na makuti havikai pamoja kwa usalama. Tulichukue funzo lake, kivuli kinene kinachopumua, tuache majani yake. Mpangilio huu pia hubadilika kidogo kulingana na mahali. Muscat wakati wa kiangazi hewa ya nje yenyewe hupita nyuzi 40, hivyo matundu hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Dodoma, ambako hewa ni kavu, kupoza kwa maji hufanya kazi ambayo pwani yenye unyevu haiwezi kuifanya. Paa, hata hivyo, hubaki namba moja kila mahali.

Inabaki gharama. Mpangaji asiyeruhusiwa kupaka paa anaweza kutundika alumini ndani, kupaka mlango, na kuomba tofali mbili za juu zitolewe kuweka tundu. Anayejenga sasa ana bahati zaidi, kwa kuwa bati jeupe na bati la hudhurungi la aina moja hutofautiana kidogo sana kwa bei, na tundu lililoachwa wakati wa kujenga karibu halina gharama. Kwa hiyo fundi anapouliza rangi ya bati, asijibiwe kwa macho tu. Jibu hilo ndilo litakaloamua, kwa miaka ishirini ijayo, ni joto kiasi gani litaingia na ni umeme kiasi gani utalipiwa kulitoa.