KUPIMA MAFUTA NDANI YA MAJI BILA KUVUTA SUMU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kamyo zinapooshwa garajini, mafuta na mazutu huingia katika maji. Maji yale hupita mferejini, hufika katika shimo la kutenganisha mafuta, na mwisho hushuka mtoni. Huko watoto wanaoga na akina mama wanalowesha muhogo. Ndiyo sababu inafaa yapimwe. Lakini yule anayeyapima, nani anamlinda?

Macho peke yake hayatoshi. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji, jua kuna mafuta. Usipoziona, usiseme maji ni safi: matone mengine ni madogo mno.

Kwa miaka mingi, mtu wa laboratwari alichanganya maji na dawa ya kuyeyusha mafuta ili kuyavuta. Dawa moja ilikuwa tetrakloruri ya kaboni. Moshi wake huharibu ini na figo. Ikafuata Freon 113, lakini hiyo huharibu ozoni inayotukinga na jua kali. Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 yakaanza kuipunguza. Siku hizi wengi hutumia heksani. Hiyo hushika moto upesi, na mwenye kuivuta kwa muda mrefu anaweza kufa ganzi miguuni na mikononi, kwa kuwa mishipa ya fahamu imeumia.

Je, kuna njia nyingine? Ndiyo, ziko.

Ya kwanza: maji hupitishwa katika kichujio chembamba. Mafuta hubaki juu yake. Kichujio hukaushwa, kisha mwanga usioonekana kwa macho, uitwao infraruji, hupima mafuta yaliyobaki.

Ya pili: mwanga wa ultravioleti humulika maji, na mafuta ya petroli hung'aa. Lakini kila mafuta hung'aa kwa namna yake. Chombo lazima kirekebishwe kwa mafuta yale yale ya kazini.

Ya tatu: mwanga hutawanywa na matone. Vyombo vya namna hii hutumika katika meli, na hupiga kengele maji ya kutupwa yakizidi sehemu 15 za mafuta katika milioni moja. Matope na mapovu huweza kukidanganya.

Wewe unayechota maji ya kupima, sikiliza vizuri. Tumia chupa ya kioo, maana mafuta hushika katika plastiki. Usiisuuze kwa maji yale yale. Ukiijaza kupita kiasi, usimwage kidogo: chukua chupa nyingine. Mafuta yanayobaki ukutani mwa chupa ni sehemu ya hesabu.

Kama laboratwari yenu ingali inatumia heksani, fanya kazi chini ya kabati la kuvuta hewa. Usivute sigara, usile hapo. Ukisikia ganzi vidoleni, usingoje mwisho wa mwezi. Njoo kwa muganga mapema, useme jina la dawa unayoshika.

Na wewe wa garaji, usioshe mikono kwa esanse wala dawa ya kuyeyusha mafuta. Hukausha ngozi, tena nyingine hupenya mwilini. Sabuni na maji vinatosha.

Muulize shefu wako: tunapima kwa njia gani? Swali hilo si ukaidi. Maji safi ni ya jamaa zetu zote, lakini yasilipwe kwa ini la ndugu mmoja.

Usalama kwanza!