Uvimbe wa maji kwenye titi: si kila mfuko una maji matupu

Mama anaoga, mkono unapita kwenye titi na kukutana na kitu cha mviringo kama gololi. Anakwenda hospitali, anapigwa altrasaundi, anaambiwa: “Ni maji tu.” Anashusha pumzi na kurudi nyumbani kwa watoto.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Mifuko ya maji huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hadi 50, na huweza kuuma siku zinapokaribia. Lakini kabla ya kuondoka, mama aulize: ndani ya mfuko huu kuna maji peke yake?

Mfuko wa kawaida una ukuta mwembamba na maji matupu. Huo si saratani. Ukiuma sana, maji hunyonywa kwa sindano.

Aina ya pili ina maji mazito au mashapo yanayoelea. Uwezekano wa saratani ni mdogo, chini ya wanawake 2 kati ya 100. Daktari anaweza kumtaka mama arudi kupimwa tena baada ya miezi 6.

Aina ya tatu ndiyo isiyosubiri. Ukuta wake ni mnene, una vizuizi vinene ndani, au umeota kinyama kigumu. Hapo mama hupigwa ganzi na kuchukuliwa kinyama kwa sindano, daktari akitazama altrasaundi ili apate sehemu ile ngumu. Kinyama hicho hupimwa maabara.

Kwa mfuko huu, kunyonya maji pekee hakutoshi. Uvimbe unaweza kunywea na mama akadhani amepona, kumbe kinyama bado kipo. Maji yakitoka na damu, nayo yapelekwe maabara.

Wapo wanaokimbia wakiamini kuwa sindano itasambaza ugonjwa. Hofu hiyo isimcheleweshe mama, kwani bila kupima kinyama hakuna anayeweza kuwa na uhakika. Tena kutumwa kipimo hiki si hukumu. Wengi hukutwa hawana saratani. Wenye nayo hufaidika kwa kuigundua mapema.

Mama aombe ripoti ya altrasaundi kwa maandishi na kuitunza. Na baba asibaki nyumbani kusubiri majibu, amsindikize.