Kabla ya kutanguliza fedha, tazama shamba: safari ya mahindi kutoka Mutanga Nord hadi Muyinga

BUJUMBURA – Kabla jua halijachomoza, Probox inaondoka Mutanga Nord ikiwa na abiria watatu na haina gunia hata moja. Mbele amekaa mama mwenye ghala dogo la nafaka mtaani hapo, daftari mapajani. Nyuma wako wenzake wawili wa biashara. Mafuta ya gari yamekuwa ya kuhangaikia mjini Bujumbura kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiyo safari ya kwenda kutazama tu, bila kununua, ni gharama inayouma. Lakini mama huyo ana sababu. Wakulima wanaomuuzia wanataka awatangulizie fedha sasa, wamlipe mahindi wakivuna. Asipotoa, mwingine atatoa.

Ni Novemba, na mahindi ya msimu wa A, ambao Warundi huuita Agatasi, yako shambani. Hupandwa mvua zinapoanza Septemba na Oktoba, na mavuno makubwa huwa Januari na Februari. Huu ndio msimu mkubwa wa mahindi nchini. Msimu wa B, Impeshi, ni wa maharage zaidi. Kwa hiyo mwenye kukosea hesabu ya Novemba hukaa na kosa lake karibu mwaka mzima.

Barabara ya kitaifa namba 1 inaupanda mlima mara tu inapouacha mji. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari; Bugarama iko juu ya mita 2,000. Katika mwendo wa kilomita zipatazo 35 abiria wametoka kwenye joto la bonde la Imbo na kuingia kwenye ukungu, wanafunga vioo na kutafuta vitenge vya kujifunika.

Hapo ndipo mgeni wa kazi hii hudanganyika. Mahindi ya Bugarama ni mafupi, na aliyeyaona ya Imbo wiki hiyohiyo atadhani mlimani kuna maafa. Hakuna. Baridi huchelewesha mmea: mahindi ya bondeni hukomaa kwa miezi minne hivi, ya milima mirefu huweza kuchukua sita. Urefu peke yake hauambii kitu. Rangi ndiyo inayosema, na katika mashamba ya huku kuna vipande vyenye majani ya zambarau pembezoni. Mmea umekosa fosfati, jambo la kawaida katika udongo wa milimani wenye asidi nyingi, ambao huishikilia mbolea mpaka utiwe chokaa. Mama anaandika neno moja kwenye daftari: chokaa.

Kayanza wanasimama kwa mara ya kwanza. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, biashara ya hapa imegeuza uso kuelekea mashariki, na msafara nao unageukia huko. Shamba la kando ya barabara lina mahindi yanayofika magotini, maharage katikati ya mistari, migomba pembeni. Maharage yatavunwa kwanza, na ndiyo yatakayomlisha mkulima hadi mahindi yakauke.

Majani ya chini ya mahindi yana njano inayoanzia nchani na kuingia katikati kama mshale. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mbolea ya kupandia, Imbura, inaonekana ilitiwa. Ya kukuzia, Totahaza, bado. Mkulima wa Burundi huilipia mbolea ya ruzuku mapema, kwa awamu, kisha huisubiri. Ikifika kabla mahindi hayajapita magoti, njano hiyo hufutika. Ikifika mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, imefika kwa ajili ya msimu mwingine. Kwa mfanyabiashara, kumuuliza mkulima kama Totahaza imefika kunafaa kuliko kumuuliza anatarajia magunia mangapi, maana la pili kila mkulima hulijibu kwa matumaini.

Kisha viwavijeshi vamizi. Mdudu huyu aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza 2016 na tangu hapo hakuondoka. Huonekana kwa matundu ya majani na uchafu kama unga wa mbao uliojaa kwenye moyo wa mmea. Mama anahesabu mimea 20 mfululizo, anakuta mitatu imeguswa. Si habari njema, ila si ya kufunga daftari.

Baada ya Ngozi soya inaanza kuonekana, vipande vidogo, si bahari ya soya kama ya Brazil. Wasagaji wa unga wa uji wa watoto huitafuta sana. Soya hudanganya kwa upande mwingine: kijani cha juu hakitoshi. Mzee mwenye shamba anakubali mmea mmoja ung'olewe. Mizizi ina vinundu. Mama anakipasua kimoja kwa ukucha, ndani ni chekundu. Vinundu vinafanya kazi, soya inajilisha yenyewe. Vingekuwa vyeupe au vya kijani, mmea ungekuwa unategemea samadi tu.

Muyinga, saa nane mchana, picha inabadilika. Majani ya mahindi yamejikunja kama sigara. Kujikunja mchana na kufunguka jioni ni uvumilivu. Yakiwa bado yamejikunja asubuhi, ni kiu ya kweli. Hivyo wanalala Muyinga, ili kurudi shambani alfajiri.

Usiku unakuwa wa hesabu. Mpaka wa Kobero uko jirani, unaoelekea Ngara mkoani Kagera, na kusini zaidi, Kigoma, mvua ni za msimu mmoja mrefu: mahindi ya Kasulu na Kibondo hupandwa sasa lakini huvunwa miezi kadhaa baada ya Agatasi. Mwenye fedha taslimu mwezi Mei ana mlango wa pili. Aliyezifungia zote shambani Novemba hana. Shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, lakini cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mazao. Kiwango cha Jumuiya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mipakani. Mahindi yanayovunwa Januari, mvua zikiwa hazijaisha, ni magumu kuyakausha.

Kuna na bei. Serikali hutangaza bei ya mahindi, na wakala wake wa hifadhi ya chakula, ANAGESSA, hununua. Anayetanguliza fedha Novemba anakisia bei ambayo haijatajwa.

Alfajiri majani ya Muyinga yamefunguka, yana umande. Mama anawatangulizia wakulima wawili tu, na kwa sharti la turubai: nusu ya fedha ni ya kununulia turubai za kuanikia. Za soya ya Ngozi anatoa zote. Wa Kayanza anawaambia atarudi Totahaza ikifika.