Kyavinyonge: Ziwa, Petroli na Haki za Watu

Siku moja kampani inafika kwenu na mashine zake, na ahadi za barabara, shule na kazi. Utauliza nini kwanza? Wengi wetu tunauliza tu kama kazi iko, na mshahara ni ngapi. Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Twende kidogo Kivu ya Kaskazini, upande wa Butembo na Beni, tuone sababu.

ZIWA NI SHAMBA

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edward, ndani ya Mbuga ya Virunga. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1925, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia nzima. Huko ziwa ndilo shamba. Samaki ni chakula, ni makuta ya shule, ni biashara ya wamama.

Mwaka 2010 serikali ya Kinshasa iliruhusu kampani ya Uingereza, SOCO, kutafuta petroli katika Bloki V, yenye kugusa sehemu kubwa ya ziwa upande wa Kongo. Watu wakagawanyika. Wengine walitumaini kazi. Wengine waliogopa: petroli ikimwagika majini, samaki wakifa, watoto watakula nini? Mwezi wa Juni 2014 shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya watu waliotishwa na kushikwa kwa kuwa walisema hawataki petroli. SOCO ilikana kuhusika.

Angalia basi: mpango unaitwa maendeleo, kumbe mwenye kuuliza swali anaogopa kulala nyumbani kwake. Hayo ni maendeleo gani?

KARATASI YA MBALI

Huko Paris kuna OCDE, umoja wa nchi tajiri. Umoja huo una kanuni kwa makampani yanayofanya kazi ngambo, na mwaka 2011 uliongeza humo sura juu ya haki za binadamu. Mwezi wa Oktoba 2013 shirika la WWF lilishika kanuni hizo na kushtaki SOCO mbele ya ofisi inayohusika kule Uingereza. Tarehe 11 Juni 2014 pande mbili zilitangaza mapatano: kampani itamaliza upimaji wake ziwani, lakini haitachimba Virunga, isipokuwa UNESCO na serikali zikubali kwamba kazi hiyo haiharibu urithi ule.

Karatasi hiyo haikufanya kazi peke yake. Wavuvi walisema, mashirika ya Kivu yalisema, na filamu «Virunga» ya mwaka 2014 ikaonyesha mambo hayo kwa dunia. Wavuvi walijua ziwa. Wengine walijua sheria. Maarifa hayo yalipokutana, yakawa nguvu. Tena sherti kukesha: mwaka 2022 serikali ilipiga mnada bloki za petroli, nyingine zikigusa Virunga. Mnada ule ulifutwa Oktoba 2024.

SI KUOMBA

Mwaka 2003 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipatana kwamba kila kazi ya maendeleo ifuate haki za binadamu. Maana yake ni nyepesi. Mwanakijiji si mwombaji, ni mwenye haki. Serikali si mfadhili, ni mwenye wajibu. Katiba yetu ya 2006 inasema hivyo: kifungu cha 24, haki ya kupata habari, cha 53, mazingira safi, cha 58, kila Mkongomani afurahie utajiri wa nchi.

Kipimo hicho ni cha wote. Walinzi wa mbuga wakikataza kuvua mahali fulani, waeleze na wasikilize wavuvi. Mvuvi naye aache nyavu za kukamata samaki wadogo, kwani mtoto wa kesho ana haki ya kula.

NA NINYI WA MIGODINI?

Kode ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inawapa silaha ya amani. Kampani inayochimba inapaswa kuandika mapatano na wakaaji, yanayoitwa kaye de sharji. Inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Na kati ya kila franka 100 za redevansi ya madini, 15 ni za komini, sekta au sheferi ya mahali pale.

Vijana, mnajua kusoma na telefoni iko mkononi. Tafuteni kaye de sharji ya kwenu, isomeni mbele ya wazee na wamama katika Kiswahili chepesi, kisha pelekeeni wenzenu wa mji mwingine. Lakini msitume uvumi: onyesheni kifungu na tarehe. Neno la uongo moja tu linaharibu kesi ya kweli.

Halafu ulizeni pamoja: Nani aliulizwa? Nani atapoteza shamba au maji? Ahadi imeandikwa wapi? Makuta yamefika kwa nani? Tukionewa, tutashtaki wapi?

Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Mradi mzuri hauogopi maswali.